Kadi za Harusi za Muhuri wa Muhogo

Jumatatu, 15 Septemba

Zimebaki siku kumi na moja nimuoe Nasra. Situlii. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Leo mteja kaleta simu nibadilishe kioo, nikamkabidhi simu ya mtu mwingine. Karudi nayo mbio.

Nimetoka kwa Haidari, mwenye steshenari anayetazamana na kibanda changu. Kadi mia za harusi anataka elfu themanini! Nikamwambia anitazame vizuri, ni mimi Hemedy, jirani yake. Akasema ameshanitazama, ndiyo maana anataka zote mkononi kwanza.

Basi natengeneza mwenyewe! Tena nimemwambia Mzee Abdurahmani, baba yake Nasra, kwamba na za upande wao asihangaike, aniachie. Akanishika bega, akasema kweli amepata mkwe. Sasa sina pa kurudi nyuma.

Jumanne, 16 Septemba

Karatasi saba za manila, wembe, rula ya kuazima. Haidari manila moja anatoa kadi nane. Mimi nimetoa kumi na sita! Nyembamba kidogo, lakini maridadi.

Mapambo: nimechonga ua kwenye muhogo mbichi, nikauchovya kwenye hina ya dada yangu Siti, nikagonga. Tatu za kwanza zilitoka kama nyayo za bata. Ya nne ikatoka ua kabisa. Nikapiga kelele peke yangu.

Dada Siti karudi, kakuta bakuli tupu. Kumbe ilikuwa hina ya mikono ya Nasra. Nikamwambia si inakwenda harusi ile ile? Hakucheka. Vidole vyangu vyote kumi vimekuwa rangi ya chungwa. Stendi wananiuliza bwana harusi ni nani.

Alhamisi, 18 Septemba

Maneno sasa. Nafasi finyu mno. Nimechukua kadi ya zamani ya harusi ya Dar, nikafuata mtindo wake.

Tatizo wazazi wa bibi harusi. Mzee ana wake wawili. Bi Mwanamkuu, mke mkubwa, ndiye mama yake Nasra, yuko Mtunda na mashamba yake. Bi Johari, mke mdogo, yuko hapa Kibiti, nyuma ya duka la mzee. Ukiandika yote hayo, kadi imekwisha na bwana harusi hajatajwa! Nikafupisha: "Bwana na Bibi Abdurahmani wa Kibiti Mjini wana furaha kukualika kwenye harusi ya binti yao Nasra." Mistari miwili. Safi, kama barua ya serikali.

Haidari kavuka barabara, eti asome, maana kadi inataka jicho la pili. Nikazikalia. Anataka kuniibia ubunifu, namjua! Dada Siti naye kasema kadi za nini, kwetu wanawake hualikwa na wanawake wenzao, mlango kwa mlango, kwa mdomo. Nikamwambia huo ulikuwa wakati wa kuvuka mto kwa kivuko, sasa Ndundu kuna daraja.

Nimeandika zote mia kwa mkono. Kidole cha shahada hakikunjiki.

Ijumaa, 19 Septemba

Ushindi! Baada ya sala nimegawa sitini mlangoni mwa msikiti. Watu wanazinusa. Nyingine saba nimempa bodaboda azifikishe Mtunda. Haidari alikuwa amesimama dukani kwake hana mteja hata mmoja. Nikampungia mkono.

Jioni Bi Johari kaniletea pilau, nyama juu, kaniita mwanangu. Ana miaka ishirini na nane. Mimi nina thelathini na moja. Sikuelewa, lakini pilau sikurudisha.

Jumamosi, 20 Septemba

Lahaula! Nimekwisha!

Nasra kapiga simu asubuhi analia. Kadi yangu imesomwa bombani Mtunda, kwa sauti, wanawake wote na ndoo zao wanasikiliza. Wakamuuliza Bi Mwanamkuu tangu lini Nasra amekuwa binti wa Johari. Bi Mwanamkuu kajibu kwamba tumbo lililombeba Nasra liko Mtunda, halijahamia Kibiti Mjini. Kisha akakunja mikeka yote ya shughuli, akairudisha ndani. Kwamba hiyo harusi ikafanyike kwa huyo mama aliyeandikwa.

Na Nasra kasema bila mama yake haolewi. Kasema taratibu, bila kupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Nampenda huyu mtoto wa watu, wallahi nampenda. Miaka mitatu nimemsubiri. Leo nimpoteze kwa sababu ya manila?

Huku sokoni Bi Johari anapewa hongera za kuozesha. Nasra ana ishirini na minne! Na hongera anapokea!

Jumapili, 21 Septemba

Nimepata mpango. Nimezunguka kuzikusanya, nikiwaambia watu ni marekebisho madogo ya kiofisi. Nimepata arobaini na moja. Juu ya yale maneno nabandika ukanda wa karatasi: "Bwana Abdurahmani na Bi Mwanamkuu wa Mtunda." Gundi nimepika mwenyewe, uji mzito wa unga wa muhogo. Haidari ana gundi za chupa zimejaa kabati. Nilipita nikiangalia upande wa pili.

Dada Siti kauliza Bi Johari nimemweka wapi. Nikamjibu yuko chini ya ukanda.

Jumatatu, 22 Septemba

Siku mbaya kuliko zote.

Asubuhi nimekwenda Mtunda na kadi ya Bi Mwanamkuu mwenyewe. Kaisoma. Kaisoma tena. Kaiweka mkekani, kaingia jikoni kuniletea kahawa. Nikaanza kupumua. Mara kuku! Watatu, na jogoo wao. Wakaidonoa ile gundi kama wamepewa futari. Mama mkwe anatoka na kahawa, ukanda uko mdomoni mwa jogoo, na kadi imerudi Kibiti Mjini. Kahawa ikarudi jikoni.

Mchana Bi Johari kaja kibandani na kadi yake yenye ukanda. Kauliza, mbele ya wateja, kama mumewe kamwacha, kwa nini talaka yake inaletwa kwa uji wa muhogo.

Jioni kaja Mzee Abdurahmani mwenyewe. Zamu ya Mtunda hakupikiwa. Kaja Kibiti hakufunguliwa. Kala chipsi mayai kwenye benchi langu. Alipomaliza akaniuliza kama naweza kumrudisha alivyokuwa Ijumaa asubuhi. Nikamwongezea kachumbari.

Jumatano, 24 Septemba

Nasra kaja na dada Siti, kanga mbili mbili. Kasema anataka kunioa. Yaani mimi nimuoe. Nimechanganyikiwa, lakini amesema! Ila ikitoka karatasi nyingine mkononi mwangu, nihesabu hatujawahi kujuana. Kila mama nimfuate mlangoni kwake, nimtaje kwa jina lake, na mikono iwe mitupu. Wageni atawaalika yeye na Siti kwa mdomo.

Nikaenda. Mtunda nimekaa barazani tangu saa tatu mpaka adhuhuri, sijui hata niiweke wapi mikono. Bi Mwanamkuu alipotoka nikasema shikamoo, nisamehe mama. Kaniuliza Nasra mtoto wa nani. Nikasema wako. Kasema hajasikia, niseme na jirani asikie. Nikapaza sauti mpaka mbuzi wakasimama. Machozi yalinitoka, sifichi. Akacheka, akatoa mikeka.

Kibiti, Bi Johari hakutaka maneno mengi. Anataka asimame mlangoni siku hiyo, apokee wageni, na aitwe kwa jina lake. Nikasema naam, Bi Johari.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeoa! Nimeoa! Mtunda watu wamejaa mpaka njiani na hakuna hata mmoja mwenye kadi. Bi Mwanamkuu kakaa ndani na mwanawe, Bi Johari mlangoni na marashi. Mzee kala sahani mbili, moja kutoka kwa kila mmoja. Haidari naye kaja, kaleta zawadi: rimu ya karatasi. Mwenye kejeli zake.

Jumanne, 30 Septemba

Leo nimekuta kadi thelathini na tatu ambazo hazikugawiwa. Safi, ua linang'aa. Kutupa? Roho haikukubali. Tarehe nikaifuta kwa ile dawa nyeupe ya kufutia wino. Jina la Nasra nalo nikalifuta, ibaki nafasi. Langu nikaliacha, kwani mimi sibadiliki.

Nasra kafungua boksi akitafuta sindano. Kauliza nafasi hiyo ya nani. Nikamwambia sina nia yoyote, ni akiba tu. Kauliza akiba ya nini. Nikamjibu, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba mambo ya mbele anayajua Mungu.

Siku nne za ndoa! Kabeba begi, kaenda Mtunda kwa mama yake. Dada Siti kapiga simu kutoka huko: Bi Johari naye kapanda bodaboda kawafuata. Wamekaa mkeka mmoja wote watatu, wanakunywa kahawa, wananisema. Wake wenza hawajawahi kukaa mkeka mmoja tangu mzee aoe mara ya pili. Nimewapatanisha mimi! Hakuna atakayenishukuru.

Dada Siti kasema nivae viatu, niende sasa hivi, nimwangukie kila mmoja peke yake. Nitakwenda. Ila kwanza naandika kadi ya kuomba radhi, niitangulize. Ua nimeshagonga. "Kwa Bi Nasra na Wenzake, Mtunda." Wako mkeka mmoja, kadi moja inawatosha.