Mbwa wa Ulinzi Asinunuliwe Kabla ya Vita vya Mfano

Jotham Mwasomola,
Kawetele, Tukuyu.

Kwa Ndugu Mwenyekiti Anyelwisye,
Kamati ya Ulinzi ya Kitongoji.

Ndaga, Mwenyekiti. Huku kwangu tumeamka salama, mvua inanyesha, na mimi nina hasira.

Nasikia Jumamosi kamati inanunua mbwa kwa michango yetu, ili wezi wa maparachichi wakome. Mimi mwenye miti arobaini, ambaye mnunuzi anakuja wiki ijayo kuvuna, sikuulizwa. Nalalamika hivi:

1. Majeshi ya siku hizi hayanunui hata kofia bila kupigana kwanza vita vya mfano kwenye kompyuta. Silaha ikishindwa humo, hainunuliwi. Nilisoma mwenyewe kwenye simu ya binti yangu Hellen, nikaelewa yote kabla chaji haijaisha. Shule niliacha darasa la sita kwa hiari yangu; mwalimu alikuwa amebakiwa na maswali tu.

2. Kompyuta sina, ila uwanja ninao. Nilichora kitongoji chote kwa majivu. Nyumba zetu nikaweka viazi (yako nilichagua kiazi kikubwa), walinzi maharage, wezi punje arobaini za mahindi. Mbwa wenu alikuwa kizibo cha soda. Tulipigana mara tano, na mara zote tano kizibo hakikusogea. Sasa mbwa wa namna hiyo ni wa kununua?

3. Mara ya sita akatokea kuku wangu mmoja, bila kuamriwa na mtu, akawamaliza wezi wote arobaini kabla sijameza mate. Mwenyekiti, mimi nimepita mgambo. Kifaru kilichokwama matopeni nilikisukuma peke yangu. Lakini silaha kama ile sijaiona. Ni kweli aliwala na walinzi wanne. Vita ni vita.

4. Nilipoeleza haya kwenye mkutano mdogo hapa uani kwangu, wewe ukiwa hupo, katibu wako Anyosisye akasema, "Baba Hellen, hiyo ni vita au ni makande?" Hata mke wa mwanangu, ambaye kwa mila zetu haruhusiwi kuonana nami uso kwa uso, nilimsikia akicheka nyuma ya ukuta. Mtaalamu hafanyiwi hivyo.

Kwa hiyo mbwa asinunuliwe. Wanunuliwe kuku ishirini. Saba ninao tayari, nitawatoa kwa bei ya kizalendo, na nipo radhi kuwaongoza.

Msalimie mama Winfrida na watoto wote, na Anyosisye pia, ingawa hastahili.

Ni mimi, niliye imara,
Jotham Mwasomola,
Mkuu wa Kuku (mtarajiwa).

Nyongeza: Nilipokuwa ndani natafuta bahasha, wezi wameingia mchana huu huu. Wamechuma miti mitano, wakaondoka na magunia mawili na kuku wote saba. Hakuna kuku hata mmoja aliyepiga kelele. Tafadhali mbwa aje leo, Jumamosi ni mbali, na afungwe kwangu kwanza. Barua hii uisome kuanzia hapa.