Daraja Langu Lisilo na Bolti

Jumatatu, 3 Machi
Nimelipata! Vipande vya zege vya kujengea daraja, vinavyoshikana vyenyewe, ulimi ndani ya mdomo. Bolti hata moja! Unavimwaga kiwandani, unavipanga mtoni, magari yanapita. Nikishapata hataza, hati ya kuwazuia wengine wasiige ugunduzi wangu, kila mjenga madaraja atabisha hodi kwangu. Na sitatumwatumwa tena na shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye kwa bahati mbaya ndiye msimamizi wangu kiwandani. Asijue kitu!

Jumanne, 4 Machi
Nimemwaga vipande viwili uani, nimevifunika turubai. Mke wangu akauliza ataanika wapi nguo. Nikamwambia avumilie, anaishi na mgunduzi. Akasema basi mgunduzi agundue pia chakula cha jioni. Nimelala njaa.

Jumamosi, 15 Machi
Balaa. Shemeji kaja kusalimia, kafunua turubai. Alicheka mpaka akashika ukuta. Eti daraja langu halibebi hata kuku! Damu imenichemka. Atanitambua.

Jumapili, 16 Machi
Nimemkomesha! Nimeita ukoo mzima, majirani, na nusu ya kiwanda. Vipande vikashikana, kop! Mama mkwe, mwenye mwili wake, akapanda juu, akarukaruka. Wala havikutikisika. Watu vigelegele! Nikaeleza kila kitu: mlalo wa ulimi, nondo zinavyopita, yote. Shemeji akarekodi video, akairusha mtandaoni, akanipa mkono. Kumbe ana utu.

Jumatatu, 17 Machi
Ofisi ya hataza. Mama wa dirishani akanisikiliza vizuri, kisha akanionesha simu yake, akauliza kama huyu aliyetunisha kifua ni mimi. Nikasema ndiye mimi! Akasema basi hataza hakuna. Kitu kikishaoneshwa hadharani kabla ya maombi, si kipya tena, ni cha kila mtu. Nikamtaka anitajie msaliti aliyetoa siri. Akanichezea ile video yangu tena. Nimelia kwenye basi, tena kwa sauti.

Jumanne, 18 Machi
Kiwandani shemeji keshatengeneza kalibu za kumwagia vipande vyangu. Kanipangia mimi kuchanganya zege. Uchungu ulioje!
Lakini kwenye koleo nimepata wazo jipya: nguzo za daraja zinazopachikana. Hili haliibiwi ng'o. Kosa langu nimeliona: mashahidi walikuwa wachache. Kwa Jumapili ijayo nimekodi uwanja wa shule, na kipaza sauti.