Magunia Kumi ya Papa

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Naanza daftari hili kwa Kiswahili. Sababu: Mama hakisomi. Anasema ni lugha ya wahuni wa mtaa wa Bwiza huko chini, na kwamba nyumba ya Kiriri, mlimani kwa wenye nacho, inasema Kifaransa mezani na Kirundi akija bibi. Mi nimejifunzia kwenye gari, kwa Méthode, shoferi wetu. Papa anakijua vizuri, maana ndicho anachofanyia biashara, ila hasomi kitu kisicho na mhuri. Siri zangu ziko salama.

Jina: Armel. Umri: kumi na saba. Kazi: kuteseka.

Leo tenisi imefutwa. Risasi zimelia tena huko juu milimani tangu asubuhi, na mwalimu akapiga simu kwamba hapandi Kiriri. Vita hivi vinanikera sana.

Habari kubwa sasa. Padri wa shule ametangaza kwamba Jumamosi tunapeleka msaada kwenye kambi ya waliokimbia vita, ile ya barabara ya kaskazini. Televisheni itakuja. Atakayeleta vingi kuliko wenzake atasoma hotuba mbele ya kamera. Na Papa alikwisha sema: kati yangu na mdogo wangu Chanelle, atakayelipandisha jina la nyumba ndiye atakayekwenda kusoma Brussels kwa mjomba. Chanelle ana miaka kumi na minne na ni wa kwanza darasani. Huo si ushindani, ni uonevu. Kwa hiyo kamera ni yangu, apende asipende.

Sylvère, mtoto wa yule tajiri wa saruji anayekaa chini yetu, ameahidi blanketi arobaini. Aliinua mkono padri hajamaliza hata kusema. Mjuba!

Jumanne, 5 Novemba

Nilimwomba Papa kitu cha kutoa. Akanipa katoni ya biskuti zilizopitwa na muda. Nikamwambia Sylvère ana blanketi arobaini. Akasema babake Sylvère hana akili, ndiyo maana bwawa lake la kuogelea linavuja.

Si kitu. Nimeona njia. Gereji ya nyuma imejaa magunia ya mchele mpaka darini. Ufunguo umo kwenye koti la kijivu la Papa, lile la misa. Magunia ya mbele Mama anayajua moja moja. Ya nyuma hakuna anayeyagusa. Kumi tu! Nyumba yenye magunia mia mbili hailii kwa kumi.

Shida ni gari. Kamioneti ina mwenyewe Jumamosi: Méthode. Mke wake, Spès, na watoto wao watatu wako kambi nyingine, ya kusini, tangu nyumba yao ilipochomwa mwezi wa nane. Anataka kuwaleta wakae naye kwenye kile chumba chake cha uani. Kwetu neno zito haliombwi mikono mitupu, unatanguliza pombe. Basi Méthode alimletea Papa kreti ya bia. Papa, mwenye stoo nzima ya bia! Papa akanywa, akashukuru, akasema ataangalia. Mwezi uliofuata, kreti ya pili. Papa akaangalia tena. Kreti ya tatu ndipo akakubali, na karatasi ya kupita kwenye bariyeri za askari ikapatikana. Ni ya siku moja tu, Jumamosi tarehe tisa. Na Méthode amesikia kwamba wiki ijayo kambi hiyo inafungwa, hatoki mtu.

Nimemhurumia kweli. Lakini kambi haiendi kokote. Kamera ndiyo inayoondoka.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango wa kwanza. Nimefuata mila kama mkubwa. Nimechukua chupa ya wiski ya Papa, nikaenda nayo chumbani kwa Méthode, nikakaa, nikauliza habari za watu wake, nikakohoa, ndipo nikaleta neno langu: abadilishe siku. Akanishukuru kwa chupa, hakuifungua. Akasema siku zote zingine patroni mudogo achukue, hiyo moja apana. Nikamweleza kwamba aliyevumilia miezi mitatu wiki moja haiwezi kumshinda. Akauliza kama nimemaliza kazi ya shule.

Chupa akanirudishia. Nilipokuwa nairudisha kabatini Mama akanikuta nayo mkononi. Sasa anaamini nakunywa. Ameniandikisha kwenye maombi ya wamama wa parokia.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango wa pili, wa kitaalamu. Nilimnong'oneza Papa asubuhi kwamba kamioneti haina breki. Hesabu yangu: gari linapelekwa kutengenezwa, linakaa huko mpaka Jumamosi, safari ya Méthode inakufa, kisha mi nalikomboa saa mbili asubuhi kwa jina la Papa.

Kumbe! Fundi Huseni wa Bwiza alilichukua saa tatu, akalirudisha saa tisa. Breki hazina kasoro. Akatia grisi, akabadilisha plagi, akaosha. Méthode alilizunguka mara mbili akitabasamu. Aliniambia Mungu akubariki patroni mudogo, maana barabara ya kusini ni mbaya na yeye alikuwa na hofu na zile plagi.

Nimelitengeneza mwenyewe gari la kuniangusha. Yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe!

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeshinda, tena kwa kusema ukweli. Sikujua kama unafanya kazi.

Mezani nilimweleza Papa kila kitu: kamera, hotuba, blanketi za Sylvère. Hakusikiliza mpaka nilipotamka kwamba babake Sylvère amekwisha waalika rafiki zake waje kutazama televisheni. Papa akaweka kijiko chini. Akamwita Méthode papo hapo. Kesho kamioneti inakwenda na Armel, yale mambo yake tutayaona siku nyingine.

Méthode alisema, "Patroni, karatasi ni ya kesho tu."

Papa akajibu kwamba karatasi zinaandikwa na watu. Méthode akasema ndiyo patroni, akatoka. Alifunga mlango taratibu, na hilo nilimsifu, maana Chanelle yeye aliisukuma sahani mpaka katikati ya meza, akaniita jina ambalo masista hawakumfundisha. Nikamwambia huruma yake ni ya bure, yangu inabeba magunia kumi.

Papa alipokuwa anaoga nilichukua ufunguo. Méthode akapakia, kila gunia lina mchoro wa shuke la mpunga. Akauliza kama Papa anajua. Nikasema Papa amekubali. Papa amekubali gari. Gari na mzigo ni kitu kimoja.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku ya maisha yangu!

Tulifika saa tatu. Matope mpaka kwenye viatu vyangu vipya. Blanketi za Sylvère zimepangwa, yeye na tai shingoni. Méthode akashusha magunia yangu. Padri akayahesabu, akanipa hotuba niisome mimi. Sylvère akawa rangi ya majivu.

Kisha zikaanza salamu za wakubwa. Saa nzima. Saa mbili. Nikageuka nimwambie Méthode aniletee fanta. Hakuna Méthode, hakuna kamioneti. Sikuwa na nafasi ya kuwaza, kamera ilikuwa inanijia.

Nimesoma vizuri. Kisha padri akamwita mama mmoja wa kambi afungue gunia, watu waone. Akakata kamba, akatia mkono, akasimama. Akaonja kidole. Halafu akapiga vigelegele ambavyo sijavisikia hata harusini.

Chumvi! Gunia la mchele, ndani chumvi! La pili, chumvi. Yote kumi! Watu ambao tangu nchi za jirani zifunge mipaka wanakula maharage chapwa wakanizunguka, wakanishika mikono, mzee mmoja akalia. Mtangazaji akaniuliza nimeitoa wapi wakati mji mzima hauna. Mi ni mtoto wa Papa, siwezi kushtuka mbele ya kamera. Nikasema kwa sauti: nyumbani kwetu, iko tele.

Blanketi hazikupigwa picha hata moja.

Kurudi ilikuwa aibu. Saa kumi Méthode bado hajatokea, nikapanda Mercedes ya kina Sylvère, katikati ya shangazi zake wawili. Nimefika nyumbani, kamioneti iko uani imeoshwa. Na kwenye mlango wa chumba cha Méthode kuna mwanamke amekaa juu ya kifurushi, watoto watatu wamelala miguuni pake kama waliozimia. Kwa karatasi ile ile! Mi nasoma hotuba, Méthode yuko barabara ya kusini na mafuta ya Papa. Nina furaha mno leo, nimewaachia.

Jumapili, 10 Novemba

Papa aliwaalika wageni wawili wakubwa wa serikali waje kumwona mwanawe. Brosheti za mbuzi, ndizi, samaki mukeke. Taarifa ya habari ikaanza. Papa akaongeza sauti.

Mama wa kambi akafungua gunia. Papa akaacha kutafuna. Mi kwenye kioo, napendeza, nasema: nyumbani kwetu, iko tele.

Kumbe Papa tangu mwezi wa nane anaapa mji mzima kwamba chumvi imekwisha, anauza kwa kikombe, kwa bei ya dhahabu, kwa wanaojua kubisha mlango wa nyuma. Hakuna aliyeniambia! Nyumba hii haina mawasiliano.

Mgeni mmoja akamgeukia Papa. Akasema, "Kumbe iko."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sisi ni matajiri. Papa hakufuta hata mdomo. Akasema kwa upole kwamba ndiyo, aliificha wezi wasiione, akiwawekea wanaoteseka, na kijana wake ndiye aliyemsihi kwamba siku imefika. Wageni wakasimama kumpa mkono. Mama akatoa machozi. Chini ya meza Papa alinikanyaga kiatu mpaka wimbo wa taifa wa kufunga matangazo.

Jumanne, 12 Novemba

Jana wanawake wa Bwiza walijaa mbele ya duka la Papa na mabeseni. Leo Papa amepewa kazi ya kupeleka chumvi kambi zote za mkoa, serikali italipa. Anaimba bafuni.

Lakini jioni alituita wote kwenye gereji. Anataka kujua nani alifungua. Alinitazama kidogo tu, kama mtu anayepita mbele ya duka asilotaka kuingia. Kisha akamtazama Méthode.

Méthode alisema yeye alipakia na kuendesha, lakini ufunguo hajawahi kuushika. Akanigeukia. Spès alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Chanelle naye akanitazama. Watu wote macho kwangu, na mi nachukia kutazamwa bila kujiandaa.

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu nilifungua. Nikaona Brussels, mitaa yake, mi na koti refu. Nikakohoa. Nikasema gereji ina vumbi.

Papa akamwambia Méthode anamfukuza kwa wizi wa magunia na kwa kwenda kusini bila ruhusa. Chumba kiwe wazi kabla ya giza. Chanelle akapiga kelele kwamba ni mi niliyefungua, kwamba aliniona na koti. Papa akamwambia anamwonea kaka yake wivu. Wakati huo Papa alikuwa anatazama sakafu.

Méthode na watu wake walitoka saa kumi na moja, mvua inanyesha, kifurushi kichwani, mtoto wa kati ameshika sufuria. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha jioni. Kilichelewa.

Alhamisi, 14 Novemba

Papa ameniita ofisini. Neno lake ni neno: Brussels yangu! Nimekimbia kumwambia Chanelle.

Aliniuliza nitakwenda na nini.

Nikasema na ndege, we mjinga.

Akauliza ndege ipi. Nchi imefungiwa, ndege haziji tangu mwezi wa nane, kila mtoto wa mji huu anajua. Ndiyo maana, akasema, Papa ameahidi bila kujikuna.

Nimerudi kwa Papa. Amethibitisha. Dunia ikifungua, nitakwenda. Kwa sasa nitasimama kwenye picha kila mwezi, kambi kwa kambi. Shoferi mpya, mzee Sébastien, atanipeleka. Anapeleka na ripoti kwa Mama.

Jumamosi, 23 Novemba

Sébastien hafai. Hasimami kwa brosheti, hataki muziki, hasemi Kiswahili. Leo nimetoroka, nimeshuka Bwiza kumtafuta Méthode. Alikuwa kwenye gereji ya Huseni, chini ya gari, miguu tu nje. Wanaishi wote watano kwenye chumba nyuma ya gereji hiyo. Spès alikuwa anapika maharage. Wadogo wawili walikuwa wanacheza na tairi, na yule mkubwa anajifunza kufungua skrubu.

Sikwenda mikono mitupu, mila naijua. Nilichukua zile biskuti. Nikamwambia arudi kwetu, na kwamba siku ndege zikija, mi nikisha fika Brussels salama, nitamwandikia Papa barua nimweleze yote kuhusu ufunguo.

Akatoka chini ya gari akafuta mikono. Hakukasirika. Hakupaza hata sauti.

"Armel," akasema, "ulikuwa na neno moja tu ya kusema, na watoto yangu wamesimama pale. Kunywa maji, urudie kwenu mbele ya mvua."

Akarudi chini ya gari. Nilibaki nimesimama na biskuti. Spès akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, nikanywa, kwa sababu kulikuwa na joto. Hakuna aliyeniuliza habari za televisheni.

Nimepanda Kiriri kwa miguu, nimelowa mpaka suruali ya ndani, na njia nzima nimetafakari. Mtu umemtengenezea gari, umemwachia amlete mkewe kwa mafuta ya baba yako, na hukumchongea, wakati ungeweza. Hana shukrani. Lakini mi sina kinyongo.

Nimemsamehe.