Chumba cha Chamazi

Jumatatu, 22 Julai 2024

Habari kubwa! Nimeipata asubuhi kwenye kahawa. Aliyeileta ni Twaha, jirani yangu, mtu ambaye habari njema huitoa kidogokidogo ili aombwe.

Anasema kuna mradi unapita alfajiri mitaani kutafuta watu wanaolala nje. Wakikukuta, wanakuandika. Wakishakuandika, wanakutafutia chumba na kazi. Chumba! Miezi sita ya mwanzo juu yao! Twaha mwenyewe amejiunga nao kujitolea, wamempa kizibao cha njano kinachong'aa gizani. Alikuja nacho kahawani. Jua limeshatoka, hakuna giza wala gari, yeye anang'aa tu.

Mie nina miaka thelathini na tisa. Naishi Temeke kwa shangazi Mwajabu, chumba cha uani, pamoja na kuku wake wanaotamia. Kwa kweli wenye makazi pale ni kuku. Mie mgeni wao.

Mpango: kufikia Jumatano niwe mtu asiye na kwake. Nitakwenda Mbagala, huko sijulikani. Nimeupitia mpango mara mbili. Hauna dosari.

Jumanne, 23 Julai

Maandalizi. Nimesugua shati kwenye gunia la mkaa. Likachafuka upande mmoja, nikaonekana kama mtu aliyeegemea ukuta. Nikasugua na wa pili. Shangazi akauliza nafanya nini na mkaa wake. Nikamwambia nimefiwa na rafiki, naenda Bagamoyo matangani, siku tatu hivi.

Akasema innalillahi. Machozi yakamlenga. Akaingia jikoni, akatoka na mfuko wa maandazi na doti mpya ya khanga, nimpelekee mama wa marehemu.

Khanga sikuitegemea. Ilinielemea kifuani mpaka kituoni. Baada ya kituo ikapungua.

Mbagala, jioni. Nikachagua kibaraza kizuri, cha duka la vifaa vya ujenzi lililofungwa. Kipana, kimeezekwa. Kumbe kina mwenyewe! Mzee mwembamba, sweta la kijani, ameketi wima kama yuko sebuleni kwake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akaniuliza kama nimekula. Mtu anayelala nje ananiuliza mie kama nimekula! Nikasema sijala. (Mfukoni maandazi kumi.) Akanikatia nusu ya muhogo wake wa kuchoma, nusu kubwa.

Jina lake Ferdinand. Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Hapo kibarazani ana miaka tisa. Akanifundisha kutandika maboksi: nene chini, jepesi juu, maana kipupwe hiki kinapanda kutoka sakafuni. Kisha akaniachia sehemu ya ukutani, yeye akahamia ukingoni. Nikakataa kidogo, kwa adabu. Akasema:

"Mgeni halazwi mlangoni."

Nikatazama. Mlango haupo. Lakini alivyosema, nikauona.

Jumatano, 24 Julai

Sikupata usingizi. Mbu wa Mbagala hawapigi kelele, wanafanya kazi.

Alfajiri, watu wanatoka msikitini, timu ikaja. Mbele yao dada mmoja mfupi, daftari kwapani, chupa ya chai mkononi. Anaitwa Sesilia. Nilidhani atasimama juu ya vichwa vyetu aanze kuuliza maswali. Hakufanya hivyo. Alivua viatu ukingoni mwa kibaraza. Alivua viatu! Kama anaingia nyumbani kwa watu. Akapiga magoti kwenye saruji.

"Shikamoo, baba. Hodi."

Mzee akasogeza boksi akamkaribisha. Wakanywa chai. Wakazungumza habari za korosho, za goti la mzee, za mtu wa Newala aliyeoa akiwa na miaka sabini. Habari ya chumba Sesilia aliiuliza mara moja tu, mwishoni, kwa sauti ileile ya korosho. Mzee akasema hapana, mwanangu. Sesilia akasema sawa baba, nitapita tena. Akashukuru kwa kukaribishwa.

Nyuma yake nikasikia sauti ya Twaha ikimnong'oneza mwenzake kwamba hiyo ni mara ya thelathini na mbili. Thelathini na mbili! Kila mara chai, kila mara magoti. Mie nikikataliwa mara mbili naanza kumsema mtu vibaya. Niliduwaa ndani ya boksi.

Maana mie nilikuwa ndani ya boksi. Nilipoona kile kizibao cha njano nilijifunika kichwa, nikasingizia macho yanauma. Mahojiano yangu yote nimeyafanya hivyo. Sesilia akauliza kama nina ndugu. Nikasema hakuna, walikwisha wote. Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Nikaona vibaya, nikatia andazi mdomoni nijiliwaze. Akauliza nani kanipikia, maana yananukia iliki. Nikasema nimeyaokota.

"Yakiwa mazima, kaka? Na mfuko umefungwa fundo?"

Nikasema si mazima tena. Akaandika mstari mrefu. Nadhani nimefaulu vizuri.

Ila Twaha alikuwa anavitazama vidole vya miguu yangu. Hakusema kitu. Hilo halijawahi kutokea.

Alhamisi, 25 Julai

Ishu! Nimesikia kwa watu wa mradi kwamba chumba kilichopo ni kimoja. Kiko Chamazi, na Sesilia anamwekea mzee Ferdinand, akikubali. Akikataa kabisa, anapewa anayefuata. Anayefuata ni mie. Niko nyuma ya mtu aliyekataa mara thelathini na mbili! Kwa bahati hiyo ningeweza kukaa kimya tu. Lakini mie sipendi kuacha mambo kwa bahati.

Asubuhi nikaenda Chamazi kukiona. Mashallah! Sakafu ya saruji, bati jipya, dirisha linatazama mpapai. Ningelia. Kasoro moja tu: ukuta kwa ukuta na karakana ya useremala, randa na nyundo kutwa nzima.

Mchana nikarudi kibarazani kumkatisha mzee tamaa, ili asije akabadili mawazo. Kwanza nikamuuliza kwa nini anakataa. Akasema aliwahi kuwa na chumba, yeye na mkewe Monica. Mke akaugua, akafariki. Siku ya arobaini akitoka makaburini akakuta kufuli jipya la mwenye nyumba mlangoni. Tezo na patasi zake zote za kuchongea zilikuwa nje, kwenye mvua, na asubuhi yake hazikuwepo tena.

"Asiye na mlango hafungiwi nje," akasema.

Lakini mpango ni mpango. Nikasema una haki mzee, na hicho cha Chamazi ndicho kibaya zaidi. Kelele! Jirani kuna maseremala. Kutwa wanaranda mninga, vumbi lake linaingia mpaka dirishani, harufu ya mbao inakufuata kitandani. Kuna mama fulani anatengeneza milango, anagombana na vijana wake kwa sababu hakuna anayejua kuchonga maua ya pembeni. Nani ataishi hapo?

Mzee akaweka chini kikombe.

"Maua ya pembeni?"

Nikasema ndiyo, balaa tupu. Akauliza mninga wenyewe wanautoa wapi. Akauliza kama patasi zao ni za bapa au za mviringo. Akasimama! Nilikuwa sijamwona amesimama. Ni mrefu. Akasema kesho Sesilia akija, atakwenda kuangalia. Kuangalia tu.

Nimemshawishi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kazi ya mara thelathini na mbili nimeimaliza kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 26 Julai



Baada ya swala tulikwenda Chamazi, Sesilia, mzee na mie. Mie nilijipachika kama anayefuata, pengine mzee akiona ataghairi. Ndani ya mfuko nilikuwa bado na khanga ya shangazi.

Sesilia hakufungua mlango. Alimpa mzee ufunguo kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua tatu. Mzee akaugeuzageuza. Akauliza kuna mwingine kama huo kwa nani. Sesilia akasema hakuna, baba, mwenye nyumba ameandikishana nasi, wa pekee ni huo. Mzee akaingiza ufunguo. Kitasa kikalia. Akaingia, akafunga mlango.

Tukabaki nje. Nikasubiri. Sesilia hakugonga. Hakutazama saa. Karakana nayo ilinyamaza, sijui kwa nini. Kuku wa jirani walipita. Kitasa kikalia: kufunga. Kikalia: kufungua. Kufunga. Kufungua. Mara nne nilihesabu. Subhanallah, mtu mzima anajifunza upya kwamba mlango unamsikiliza yeye.

Ndipo ukafunguka wazi. Mzee amesimama kizingitini, sweta amelivuta likae sawa.

"Karibuni," akasema.

Miaka tisa! Sesilia akavua viatu. Nikamwona anajifuta macho kwa bega, haraka, kama anafuta jasho. Na mie nikavua ndala zangu. Tukaketi sakafuni, wageni wawili, hatuna cha kunywa, na sijawahi kukaribishwa mahali nikajisikia mkubwa vile.

Dirisha lilikuwa tupu. Nikatoa khanga nikasema iwe pazia. Sijui ilikuwaje, mkono ulitangulia.

Yule mama wa karakana, Flaviana, alichungulia. Mzee akamwomba aguse kipande cha mninga alichokishika. Akakipapasa kwa kidole gumba, akakinusa, akasema hiki hakijakauka, mlango wake utapinda kabla ya Desemba. Flaviana akamtazama. Akampa patasi. Baada ya dakika kumi kulikuwa na ua kwenye kile kipande, na vijana wote wa karakana wamemzunguka bila kupumua. Flaviana akasema Jumatatu aje saa mbili, kwa majaribio. Mzee akasema yeye atakuwepo saa moja.

Tulipotoka, Sesilia akanigeukia. Akasema na wewe kaka, makazi yako yamepatikana, kesho tunakupeleka. Nikaruka!

Jumamosi, 27 Julai

Gari la mradi. Nikakaa mbele. Njia ikaanza kufanana na ninayoijua. Nikasema kumbe ni Temeke, pazuri. Halafu mtaa ukafanana. Halafu geti.

Shangazi Mwajabu amesimama uani na ndoo. Pembeni yake Twaha, anang'aa.

Sesilia akavua viatu, akamwamkia shangazi, akatoa fomu. Akamsomea kwa upole: mtu huyu amepatikana Mbagala, hana makazi, anaunganishwa na familia. Je, mama, unampokea? Shangazi akanitazama. Akatazama shati. Akauliza msiba wa Bagamoyo umeishaje. Akauliza khanga iko wapi.

Nikasema ukweli, nilikuwa nimechoka: iko Chamazi, dirishani kwa mzee aliyelala nje miaka tisa.

Shangazi akashusha ndoo. Akamuuliza Sesilia kama ni kweli. Sesilia akasema ni kweli, mama, nilikuwepo. Shangazi akatia sahihi. Twaha akasema mie ndiye niliyepatiwa makazi haraka kuliko wote tangu mradi uanze.

Nikamsindikiza Sesilia getini. Nikamuuliza alijua lini. Akasema kwenye andazi. Sasa kwa nini hakunifukuza? Akasema nilikuwa nimelala nje, naye akikuta mtu amelala nje humuuliza atalala wapi kesho. Basi. Akavaa viatu, akaondoka kwenda kibaraza kingine.

Nimekaa na kuku mpaka magharibi nikiwaza. Sijawahi kuona mtu kama yule.

Jumapili, 28 Julai

Nimebadilika. Leo nimeamka mtu mwingine. Nataka kuwa kama Sesilia.

Nimekwenda ofisini kwao mwenyewe, shati safi. Ukutani kuna tangazo: wanatafuta wenye nyumba watakaokubali kupokea watu wanaotoka mitaani. Wachache wanajitokeza. Huzuni kubwa! Nikajaza fomu hapohapo. Nyumba ya Temeke, vyumba vitatu, mwenyewe mama mcha Mungu. Msimamizi wa nyumba: mie, Suhaib. Panapouliza chumba kilicho tayari nikaandika kile kikubwa cha mbele, chenye feni. Humo analala shangazi, lakini ni mtu mmoja tu.

Wanakuja kukagua kesho saa tatu, pamoja na mpangaji na mizigo yake. Shangazi nitamwambia wakishafika. Mbele ya wageni huwa hakatai.