Friji Mpya Haina Joto Mgongoni

Kwa Mwenyekiti Mbogo,
Chama cha Maziwa, Githongo.

Mwanangu Mbogo,

Natumai hujambo na unakula. Juzi kanisani nilikuona shingo imekonda. Mkono ni wa mjukuu wangu Gatwiri, maneno ni yangu. Nalalamika rasmi juu ya friji mliyoleta katika duka la maziwa.

1. Mgongo wake hauna joto. Ile ya zamani ilinguruma kama trekta, na nyuma yake kulikuwa na joto la kuku anayeatamia. Hapo ndipo sisi akina mama tulipopanga vibuyu vyetu ili uji uchache. Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya huyu Gatwiri. Niwape uji usiochacha? Watasema nyumba hii haina mama, warudi na mbuzi wao.

2. Fundi wako Njoka anasema gesi ya friji ya zamani ikivuja inapanda juu na kupasha dunia joto. Mbogo, mimi nalala na blanketi tatu tangu niolewe. Hilo joto lilipita njia gani? Kama lipo, Githongo tupewe fungu letu kwanza. Gatwiri anasema mvua iliyopotea na kahawa iliyokauka ndilo fungu letu. Nimemwambia aandike tu.

3. Eti gesi ya hii mpya ni ya ukoo mmoja na ile ya kupikia. Kitu kinachochemsha githeri kinapoozaje maziwa? Huyo ni shahidi wa pande mbili. Mchungaji aiombee.

4. Haina kelele. Zamani tukisengenya ilitufunika. Sasa kila neno linafika kwa muuza nyama, na tayari nimekosana na mkewe.

Kwa hivyo irudishwe ile ya zamani. Ikishindikana, uje wewe mwenyewe uatamie vibuyu. Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Najua joto unalo. Gatwiri anasema niongeze tafadhali. Haya, tafadhali.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule ng'ombe wako mwenye kiburi.

Ni mimi niliyekubeba,
Nyanya Ntinyari
(kidole gumba kimewekwa)

Tena: Gatwiri aliweka kibuyu kando ya meko, na uji umechacha kuliko wa miaka yote. Na nyama ya Jumamosi nimeificha ndani ya friji mpya, chini ya maziwa. Stima ilipotea kutwa na bado ni baridi. Ile ya zamani ingeshaiozesha. Ukituma mtu kuiondoa friji hii mpya, atanikuta mlangoni na mwiko.