Mwaka wa Kumi na Nne wa Mpango wa Miaka Mitano

Klabu ya Hoki ya Barafu ya Bukini wa Port Garnet inayo furaha kuutangazia umma, wapenzi wa mchezo na wote wenye mapenzi mema, kwamba Mpango wake wa Miaka Mitano umeingia mwaka wa kumi na nne kwa mafanikio makubwa.

Maneno hayo yaliandikwa na Murray Pawluk, Mkurugenzi wa Uteuzi, Matarajio na Masuala ya Baadaye, akiwa amevaa koti ofisini kwake, kwa kuwa ofisi hiyo imepakana na mitambo ya kugandisha barafu. Aliyasoma mara mbili. Akafuta "makubwa", akaona sentensi imebaki uchi, akalirudisha.

Kazi ya Murray si ngumu kueleza. Kila Juni klabu zote za ligi hukusanyika ukumbini kuchagua vijana wa miaka kumi na minane, na klabu iliyoburura mkia ndiyo huchagua kwanza. Bukini wameburura mkia kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo karibu kila mwaka wanachagua kabla ya wenzao wote, fursa ambayo klabu zenye vikombe huisikia tu redioni. Jina nalo halikuwasaidia. Bukini ni bata ambaye baridi ikianza, na msimu wa hoki nao ukianza, huondoka mjini.

Siku ya Jumatatu aliitwa na mwenye klabu, Mama Beverley Strachan, ambaye familia yake inauza magodoro kuanzia hapo hadi mpaka wa Manitoba.

"Alhamisi tunakutana na wenye tiketi za msimu," Mama Strachan alisema. "Utawaeleza tumewahi kuchagua nani na nani, na huko mbele kuna nini. Wakiridhika, Juni utapanda jukwaani kama kawaida."

"Wasiporidhika je, Mama?"

"Murray, mimi godoro likirudishwa mara tatu siulizi tena tatizo ni nini."

Murray alitoka na jasho ndani ya koti. Hakuogopa kukosa mshahara. Aliogopa kulikosa lile jukwaa, mwaka huu kuliko miaka yote. Mwaka huu alikuwapo Emmett Friesen, mtoto wa wakulima, ambaye Murray aliendesha gari kwenye theluji mara tisa kwenda kumtazama. Mara tisa alirudi akiimba peke yake barabarani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hakuwa na shaka hata chembe. Alitaka kusimama pale na jezi mkononi, alitaje jina hilo, basi, hata wamfukuze kesho yake.

Tena jukwaa lile alikuwa na deni nalo la moyoni. Yeye mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na minane Bukini walimchagua, wa mia mbili na kumi na saba, wa mwisho kabisa, wakati wafagizi wameshaanza kukunja viti. Hakuwahi kucheza hata dakika moja. Kwenye orodha ya makosa ya klabu yeye ni namba tatu, na orodha hiyo aliiandaa mwenyewe.

Alhamisi ukumbi ulijaa watu sabini, makoti yao na harufu ya kahawa na donati. Mama Strachan alikaa mbele na daftari. Nyuma yake alikaa Doreen Kuzyk, mama mkwe wa Murray, mwenye kiti kilekile uwanjani kwa miaka arobaini na moja.

Murray akajikaza, akaanza. Alieleza kwamba mwaka wa kwanza walimchagua kijana mmoja kwa sababu ya babu yake, ambaye alikuwa mchezaji hodari sana.

"Na kijana?" akauliza Doreen.

"Kijana alimpenda sana babu yake, mama."

Mwaka wa tatu walichukua golikipa mrefu kuliko wote waliowahi kuonekana, ambaye akisimama anaziba goli zima juu. Ikaja kugundulika kwamba kile kisahani cha mpira wanachokipiga hupita chini. Idara ilijifunza mengi.

"Mwaka wa sita," Doreen alisema. "Usiuruke, mkwe wangu. Nakuona unafunua kurasa mbili mbili."

Murray akarudi nyuma ukurasa mmoja. Mwaka wa sita alikuwapo Colby Desmoulin, kijana aliyezaliwa mtaa wa tatu kutoka uwanjani. "Kwenye usaili tulimuuliza, kwa utaratibu, kama angekuwa chombo cha jikoni angekuwa chombo gani. Akajibu kwamba yeye ni mchezaji wa hoki. Idara ikaandika: hana upana wa mawazo."

"Nani akamchukua?"

"Nyati wa Silver Narrows. Dakika mbili baada yetu."

"Ametufunga mangapi mpaka leo?"

"Thelathini na moja. Lakini kila akifunga anatupungia mkono. Uhusiano ni mzuri mno."

Ukumbi ukaguna. Murray akaona jukwaa la Juni linamponyoka hivihivi, na hapo ndipo alipoisema ile hotuba. Hakuwa ameiandaa. Ilimtoka tu, kama mtu anayeteleza anavyoshika chochote kilicho karibu.

Kwenye hoki, alisema, klabu ikikupa mchezaji na wewe huna cha kuipa, unaiandikia karatasi ya "mazingatio ya baadaye", yaani ahadi kwamba siku moja utailipa kitu. Watu wanaidharau karatasi hiyo kwa kutoielewa. Bukini wametoa wachezaji kumi na mmoja na kupokea mazingatio kumi na moja, yote yapo kabatini, na hakuna klabu inayowakaribia. "Mchezaji anazeeka. Mchezaji anagombana na kocha. Mazingatio hayaumii goti, ndugu zangu. Hayazeeki. Hayana haraka."

Mama Strachan aliyaandika maneno hayo yote, akayapigia mstari. Biashara yake ni dhamana ya miaka ishirini, na kitu kisichochakaa kinamgusa.

Doreen akainua mkono. "Na wewe Murray, ungekuwa chombo gani cha jikoni?"

Murray akapitia sufuria moja moja kichwani, hakuna iliyokubali. "Mimi... mimi nachagua wachezaji, mama."

"Hana upana wa mawazo," mtu akasema kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Murray naye akacheka mpaka akafuta machozi, kwa sababu angeandika vilevile.

Mama Strachan hakucheka. Aliomba fomu ya idara ya kupima vijana, akaijaza hapohapo. Kasi: ya wastani. Moyo: upo. Upeo: ameshaufikia. Pendekezo: apelekwe kwingine.

Kesho yake alimpigia simu mkubwa wa Nyati. Nyati walikubali kumchukua Murray, ila kwa desturi ya biashara hiyo, ukitaka kumtwisha mwenzio mzigo unaufunga pamoja na kitu kitamu. Waliomba nafasi ya kwanza ya kuchagua Juni. Badala yake wangetoa mazingatio ya baadaye. Mama Strachan hakuamini bahati yake. Akamwita Murray aandike tangazo.

"Mama," Murray alisema, "nafasi hiyo ya kwanza ndiyo Emmett Friesen."

"Ana magoti?"

"Anayo mawili."

"Haya basi."

"Mama, nisikilize. Nilisema vile ili unipe Juni. Yale mazingatio ni karatasi tupu. Hakuna klabu iliyowahi kuyalipa."

"Usianze kujishusha, Murray. Miaka kumi na minne, ile ndiyo hotuba pekee uliyonishawishi nayo. Andika."

Murray akaandika. Klabu inayo furaha kuutangazia umma. Safari hii "makubwa" hakulifuta.

Juni alipanda jukwaani na jezi ya Nyati, akalitaja jina la Emmett Friesen kwa sauti iliyokatika katikati, na hakuona haya. Kijana alipomkumbatia, Murray alisahau alichotakiwa kusema baadaye, akashuka.

Novemba Emmett alikwenda Port Garnet kwa mara ya kwanza, akawafunga Bukini manne. Asubuhi iliyofuata simu ya Murray ikalia.

"Murray, hujambo mwanangu," alisema Mama Strachan, kwa upole ambao Murray hakuwahi kuusikia. "Nauliza tu. Yale mazingatio yetu yanakuja lini?"

Murray alimwonea huruma, huruma ya kweli. Akafikiri cha kumwambia, akakuta ameshamwambia chote.

"Hayana haraka, Mama."

"Ndiyo. Ulisema."

Kisha Murray akasikia kwenye simu droo ya kabati ikivutwa, na karatasi zikihesabiwa moja moja.

"Kumi na mbili," alisema Mama Strachan, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Yote yapo."