Akina Doyle wa Riverside

Balagizi hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako usipoangalia. Balagizi alikichukua ukiangalia, tena ukimshukuru. Kwa hiyo alijiheshimu, na Jumamosi moja ya mwaka 2015, katika soko la mitumba la Louisville, alijikuta akimheshimu mtu mwingine pia: mzungu mmoja aliyeketi nyuma ya meza yenye kompyuta na mashine ya kuchapa.

Mzungu yule alikuwa akiwauzia watu majina yao wenyewe.

Mtu anafika, anasema anaitwa Murphy. Mzungu anabonyeza, karatasi inatoka na picha ya ngao na simba, na maelezo kwamba Murphy ni jina la Ireland, maana yake shujaa wa bahari, na kwamba kule ndilo jina lenye watu wengi kuliko yote. Mtu analipa. Anaondoka kifua mbele, na huenda bahari hajawahi kuiona.

"Na Balagizi?" Balagizi aliuliza.

Mzungu akabonyeza. "Hilo sina. Nina Bailey."

"Basi nitajie mengine ya Ireland yenye watu wengi."

"Kelly. Byrne. Doyle. Hilo Doyle lina mambo yake. Maana yake mgeni mweusi."

Balagizi akanyamaza. Waliomfahamu walijua kwamba akinyamaza, mtu fulani mahali fulani ameshaanza kupoteza kitu.

"Mweusi kivipi?"

"Wanasema ni watu wa Denmark waliovuka bahari zamani wakavamia Ireland. Wenyeji wakawaita hivyo."

"Wanasema," Balagizi akarudia kwa upole, kama daktari anayesikiliza dalili.

Nyumbani kwake, mtaa wa South End, mkewe Esperance, aliyehama naye kutoka Kivu, alikuwa akisonga ugali chini ya dari lililoota ukungu. Esperance alifanya kazi kiwandani, alisali kila Jumapili, na alikuwa na ndoto moja tu: nyumba yake mwenyewe, isiyo na ukungu.

"Baba Séphora, weye uko Doyle tangu siku gani?" aliuliza, baada ya kuelezwa.

"Tangu asubuhi. Sikiliza, mama. Ingekuwa jina la watu kidogo, bangenijua. Lakini hili, bon, bako bengi sana. Nani atabamaliza kuhesabu? Nitasema babu yangu alikuwa askari wa Umoja wa Mataifa, mtu wa Ireland. Na kweli balifikaka Kivu, mwaka wa elfu moja mia kenda na makumi sita."

"Mwaka ule baba yako alikuwa na ndevu tayari."

"Donc, basi, baba hatutamutaja."

Uongo, kama hema, huhitaji nguzo moja tu iliyochimbiwa kwelikweli. Askari wa Ireland walifika Kivu. Hiyo ndiyo nguzo. Yaliyobaki yalikuwa turubai.

Mwezi wa nane akina Doyle wa majimbo kadhaa walikuwa na mkutano wao wa ukoo karibu na Columbus. Balagizi aliendesha Toyota yake, akaegesha mbali kidogo, akafunga tai ya kijani, akaingia akitembea taratibu kama mtu anayerudi kwao. Alipotaja jina lake, Doyle, bia zilishushwa mezani.

Mzee mmoja mwenye masharubu, mtu wa vitabu, alikohoa. "Ndugu yangu, ule weusi wa kwenye jina haukuwa wa ngozi. Ulikuwa wa watu wa Denmark."

"Najua, mzee wangu," Balagizi alijibu. "Ninyi mmebeba jina miaka elfu moja. Sisi tumebeba maana."

Mwanamke mmoja alitoa leso. Hata mzee wa masharubu alitazama kando.

Tapeli mchanga huomba. Balagizi alikuwa amekomaa, yeye alikataa. Alikataa bahasha mpaka wakamshikisha mkononi. Alikataa sweta la sufu mpaka wakamvisha, katikati ya joto la Agosti. Na alipokuwa akitokwa jasho kwa heshima ndani ya sweta lile, kikongwe mmoja mwembamba akamvuta pembeni.

"Naitwa Patricia Doyle," alisema. "Nakaa Buffalo, Riverside, karibu na mto. Mume wangu alikufa, watoto sikujaliwa. Nina nyumba ya ghorofa moja na sitaki itoke kwenye jina. Ichukue wewe."

Balagizi akakataa. Akakataa tena. Mara ya tatu akainamisha kichwa, kama mtu aliyezidiwa nguvu.

"Na wewe, mama, utaishi wapi?"

"Florida, kwa mtoto wa dada yangu. Daktari kanikataza baridi. Tatizo ni usafiri tu, siwezi ndege." Akaitazama Toyota iliyokuwa mbali, ingawa hakuna aliyemwonyesha.

"Chukua gari langu, mama."

Patricia akakataa. Akakataa tena. Mara ya tatu akainamisha kichwa. Balagizi alivutiwa sana na malezi ya watu wa Ireland.

Septemba alifika Riverside. Patricia alimpa chai sebuleni, chumba kikavu kinachonukia mdalasini. Mlango wa kupanda juu ulikuwa umefungwa kwa kufuli. "Ni vyumba vya marehemu," alisema. "Sijapata moyo wa kuingia." Balagizi, ambaye mwenyewe alikuwa ametumia marehemu mara nyingi kazini, aliheshimu msiba. Kesho yake wakaenda kwa mwanasheria. Aliulizwa jina liandikwe vipi. "Balagizi Doyle," akasema, akatia sahihi. Patricia alimbusu shavuni, akapokea ufunguo wa gari, akaingia njia ya kusini bila ile miwani aliyokuwa akiivaa huku akipapasa kuta siku zote mbili.

Esperance aliacha kazi, akarudisha chumba cha South End, akapanda basi na binti yake Séphora na mabegi yote. Aliingia ndani, akagusa kuta za sebule, akafumba macho. Balagizi hakuwahi kumwona mkewe akiwa hivyo, na kwa dakika moja alijisikia kama mtu mwema. Kisha wakavunja kufuli.

Juu hakukuwa na marehemu. Hakukuwa na paa pia, kwa sehemu kubwa. Chumba cha kulala kilikuwa na mti mdogo uliotia mizizi sakafuni, na njiwa walioshangaa kuona wageni.

Aliyekuja kuwasalimia alikuwa Ruberwa, mtu wa milima ya Kivu Kusini, aliyekaa East Side na kulipwa kuondoa theluji hapo Riverside kila majira ya baridi.

"Kumbe ni nyinyi akina Doyle wapya," alisema.

"Wapya namna gani?" Balagizi aliuliza.

"Kabla ya yule mama kulikuwa mzee mmoja, Doyle, lakini alikuwa anatukana kwa Kipolandi. Yeye ndiye alimwachia mama, sababu hakutaka nyumba itoke kwenye jina. Na yeye aliachiwa na Doyle mwingine, mwenye duka la piza. Jiji linataka paa litengenezwe, wao wanaachiana nyumba. Ni jina zuri. Liko na watu wengi, mwenyewe hapatikani."

Esperance alishuka, akawasha jiko, akaanza kupika.

Wito wa mahakama kuhusu paa ukafika. Ukumbini watu walikuwa wengi, na jaji, mama mmoja mwenye sauti ya uchovu, aliita: "Bwana Doyle yupo?"

Balagizi alitazama viatu vyake. Akisema yeye si Doyle, atakuwa ametia sahihi ya uongo mbele ya mwanasheria. Akisema ni Doyle, paa ni lake. Aligeuka kwa mkewe.

"Simama," Esperance akasema kwa sauti ya chini. "Banakuita."

Akasimama.

Jaji alipekua faili. "Wewe ndiye wa kwanza kati yao kuja," alisema, akampa muda wa kutengeneza paa hadi theluji ya kwanza.

Basi, Oktoba nzima, mtu ambaye mikono yake haikujua nyundo alipanda juu ya paa. Sweta la sufu sasa lilimfaa. Ruberwa alimfundisha kupigilia vigae, Esperance alimrushia misumari, na jioni moja, paa likiwa limebaki kipande, Balagizi aliketi juu, akautazama mto, akanyamaza. Esperance alimwona akinyamaza.

"Mama Séphora," aliita kutoka juu, kwa ile sauti yake laini. "Bon, nilikuwa nawaza tu. Mwaka ujao kule Columbus bakikutana tena, hatuwezi kukosa mutu moja mwenye gari muzuri..."

Esperance alifuta mikono yake kwenye kitenge. Akaikumbatia ngazi, akaitoa ukutani, akaibeba mpaka ndani ya nyumba yake.

"Utashuka paa ikiisha," alisema, akafunga mlango.